Nimonia: Ugonjwa Mmoja, Wagonjwa Mbalimbali

Utangulizi

Wagonjwa watatu wanaweza kuketi kwenye benchi moja la kituo cha afya pasipo yeyote kudhani kwamba wanaugua maradhi yanayofanana. Wa kwanza ni mtoto wa miezi tisa mwenye homa kali na kikohozi. Kipimo cha haraka kimeonesha kwamba ana malaria. Wa pili ni mzee wa miaka 74 aliyeletwa na mwanawe kwa sababu tangu jana anasema maneno yasiyoeleweka na amekataa chakula; mwili wake hauna joto. Wa tatu ni mwanamke wa miaka 34 mwenye kikohozi kikavu cha wiki nne, ambaye amekwisha kumaliza dozi mbili za antibiotiki alizonunua dukani bila kupata nafuu.

Wote watatu wana nimonia. Mtoto yumo katika hatari ya kupewa dawa ya malaria peke yake na kurudishwa nyumbani. Mzee yumo katika hatari ya kuambiwa kuwa huo ni uzee. Mwanamke yumo katika hatari ya kupewa dozi ya tatu ya dawa isiyohusika na kiini cha ugonjwa wake. Makala haya yanaeleza visababishi, utambuzi na tiba ya nimonia kwa kuzingatia aina ya mgonjwa, kwa kuwa umri wake, hali ya kinga yake na magonjwa mengine aliyonayo ndivyo vinavyoelekeza dawa ya kumpa.

Nimonia ni nini?

Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Katika vifuko hivyo, oksijeni huingia kwenye damu na hewa chafu hutoka. Nimonia ni maambukizi yanayosababisha vifuko hivyo kujaa majimaji na usaha. Sehemu iliyojaa haiwezi tena kupitisha oksijeni. Mwili hujaribu kufidia upungufu huo kwa kupumua haraka zaidi, na mgonjwa akizidiwa, ubongo, moyo na viungo vingine hukosa oksijeni ya kutosha.

Katika jamii ugonjwa huu hujulikana pia kama homa ya mapafu au kichomi. Jina la kichomi linatokana na maumivu ya kuchoma ubavuni wakati wa kuvuta pumzi au kukohoa, ambayo hutokea utando unaozunguka pafu unapopata uvimbe. Maumivu hayo hayatokei kwa kila mwenye nimonia, na pia huweza kuletwa na maradhi mengine kama kifua kikuu au damu iliyoganda kwenye mshipa wa pafu. Kwa hiyo kichomi ni dalili ya kuchunguzwa, na kutokuwapo kwake si uthibitisho wa usalama.

Wengi huamini kwamba nimonia huletwa na baridi. Ugonjwa huu huletwa na vimelea. Imani hiyo ina madhara inapomfanya mzazi amfunike mtoto mgonjwa kwa mablanketi mengi, kwani joto lake huzidi kupanda na kifua chake hakionekani tena. Madhara makubwa zaidi huletwa na desturi ya kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa. Kimeo hakisababishi nimonia. Kukikata huleta kutokwa na damu na maambukizi mapya, na hupoteza siku ambazo mtoto alipaswa kuwa kwenye tiba.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, nimonia iliua zaidi ya watoto 700,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano mwaka 2019, sawa na takribani asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Wengi wao wangeweza kuokolewa kwa chanjo, kwa oksijeni na kwa dawa za bei nafuu zilizotolewa mapema.

Visababishi

Nimonia husababishwa na bakteria, virusi na, kwa baadhi ya wagonjwa, fangasi. Miongoni mwa bakteria, anayeongoza ni Streptococcus pneumoniae, maarufu kwa jina la nimokoko. Huyu hushambulia rika zote. Wengine ni hemofilasi aina ya b, ambaye amepungua sana tangu chanjo yake ilipoanza kutolewa, na stafilokokasi, ambaye mara nyingi hufuata baada ya surua au mafua makali na huweza kuacha usaha ndani ya kifua.

Virusi vina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Utafiti ujulikanao kama PERCH, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kilifi nchini Kenya ikiwa moja ya vituo vyake, ulichapishwa mwaka 2019. Uliwachunguza watoto waliolazwa kwa nimonia kali. Kwa watoto wasio na maambukizi ya VVU ambao picha za eksirei zilithibitisha nimonia, takribani asilimia 61 ya kesi zilihusishwa na virusi, na virusi vya RSV peke yake vilichangia takribani asilimia 31. Bakteria walihusishwa na takribani asilimia 27, na kifua kikuu takribani asilimia 6.

Matokeo hayo yasitafsiriwe kuwa ruhusa ya kumnyima antibiotiki mtoto mwenye dalili za nimonia. Katika zahanati hakuna kipimo kinachoweza kutenganisha kwa uhakika nimonia ya virusi na ya bakteria, na ile ya bakteria huua haraka. Funzo lake ni kwamba mtoto mwenye mafua na kikohozi asiyepumua haraka, asiyebonyea kifua na asiye na dalili ya hatari hahitaji antibiotiki.

Utambuzi: kuhesabu pumzi kwanza

Kipimo cha thamani kubwa kwa mtoto hakihitaji umeme wala maabara. Ni kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, na nguo zikiwa zimeinuliwa ili kifua na tumbo vionekane. Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne huleta makosa, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio ulio sawa. Mtoto anahesabiwa kuwa anapumua haraka iwapo pumzi zake kwa dakika ni:

- 60 au zaidi, akiwa na umri wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, akiwa na umri wa miezi 12 hadi miaka 5.

Baada ya kuhesabu, mtoa huduma hutazama iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi. Kisha hutafuta dalili za hatari: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea sana au kupoteza fahamu, na sauti ya kukoroma wakati wa kuvuta pumzi mtoto akiwa ametulia. Mzazi anaweza kufundishwa kuyatambua haya yote nyumbani.

Kipima oksijeni cha kidoleni hutoa taarifa ambayo jicho haliwezi kuipata. Oksijeni iliyo chini ya asilimia 90 ni dharura inayohitaji oksijeni ya ziada na rufaa. Kifaa hicho hudanganywa na kidole chenye baridi, rangi ya kucha na piko. Pia kwa watu wenye ngozi nyeusi huweza kuonesha kiwango cha juu kidogo kuliko kilichopo. Mgonjwa anayehangaika kupumua asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kifaa kimeonesha asilimia 93.

Malaria na nimonia zote huleta homa, na malaria kali nayo huweza kumfanya mtoto apumue haraka. Magonjwa hayo mawili huweza kuwapo kwa pamoja. Kipimo cha malaria kinapokuwa na majibu chanya, kazi ya uchunguzi haijakwisha. Pumzi bado zinapaswa kuhesabiwa. Mtoto mwenye malaria anayekohoa na kupumua haraka hutibiwa kwa dawa mseto ya malaria pamoja na antibiotiki ya nimonia.

Eksirei ya kifua husaidia pale ugonjwa unapokuwa mkali, tiba inapokosa kuleta nafuu, au panapokuwa na shaka ya usaha kifuani au kifua kikuu. Kwa mtoto mwenye dalili bayana, tiba isisubiri picha. Mtu mzima mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, na mwenye VVU mwenye kikohozi cha muda wowote, apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hasa kwa kipimo cha vinasaba pale kinapopatikana.

Mtoto mchanga

Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, maambukizi ya mapafu hayatenganishwi kwa urahisi na maambukizi ya damu. Huenda asikohoe kabisa. Mara nyingi mama husema tu kwamba mtoto hanyonyi kama kawaida, amekuwa wa baridi, amelegea au anaguna anapotoa pumzi. Pumzi zikifika 60 zihesabiwe mara ya pili ili kuthibitisha. Mtoto wa umri huu mwenye dalili hizo hulazwa na kupewa sindano za ampisilini na jentamisini, oksijeni, joto la mwili wa mama na maziwa yake. Dawa ya maji ya kutuliza kikohozi haina nafasi hapa.

Mtoto wa miezi miwili hadi miaka mitano

Mtoto anayepumua haraka au kubonyea kifua, lakini hana dalili ya hatari, anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza. Vidonge vinavyoyeyuka katika maji vya miligramu 250 hutolewa mara mbili kwa siku kwa siku tano: kimoja kila mara kwa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10, viwili kwa wa kilo 10 hadi chini ya 14, na vitatu kwa wa kilo 14 hadi 19. Mzazi aoneshwe namna ya kuyeyusha kidonge na amnyweshe mtoto dozi ya kwanza mbele ya mtoa huduma. Arudi siku ya tatu kukaguliwa, na arudi mara moja mtoto akishindwa kunywa au akizidiwa.

Mtoto mwenye dalili yoyote ya hatari, mwenye oksijeni ya chini, au mwenye utapiamlo mkali ana nimonia kali. Kabla ya safari ya rufaa apewe dozi ya kwanza ya sindano: ampisilini miligramu 50 na jentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Safari ya saa mbili bila dawa na bila oksijeni ndiyo ambayo wengine hawaimalizi.

Mtoto anayenyonyeshwa na mama mwenye VVU, au mwenye VVU mwenyewe, huweza kupata nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis jirovecii, hasa akiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita. Hupumua haraka sana na oksijeni hushuka, ilhali stetoskopu huweza isitoe sauti za kutisha. Mtoto huyu huongezewa kotrimoksazoli ya kiwango cha juu juu ya antibiotiki nyingine. Ndiyo sababu kotrimoksazoli ya kinga huanzishwa mapema, karibu na umri wa wiki sita.

Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine

Kijana au mtu wa makamo aliyekuwa mzima huugua ghafla: homa ya kutetemesha, kikohozi, makohozi ya njano au yenye rangi ya kutu, na kichomi. Hapa nimokoko ndiye mshukiwa mkuu. Kijana ambaye ugonjwa wake umeanza taratibu, kwa maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu, huenda ana mikoplazima, bakteria asiyedhurika kwa amoksilini, ambaye hutibiwa kwa dawa kama azithromaisini au doksisaiklini.

Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa mambo manne yanayoweza kukaguliwa popote: kuchanganyikiwa kupya, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu la juu likiwa chini ya 90 au la chini likiwa 60 au pungufu, na umri wa miaka 65 au zaidi. Kila jambo huhesabiwa alama moja. Asiye na alama hata moja kwa kawaida hutibiwa nyumbani, kwa mfano kwa amoksilini gramu moja kila baada ya saa nane kwa siku tano, iwapo hana mzio wa penisilini. Mwenye alama moja au mbili afikiriwe kulazwa. Mwenye tatu au nne ni wa kulazwa kwa dharura na kupewa dawa za mshipa, kama seftriaksoni pamoja na dawa ya kundi la makrolaidi. Oksijeni ya chini humpeleka mgonjwa hospitali hata kama hana alama yoyote.

Mjamzito mwenye nimonia huhitaji uangalizi wa karibu, kwa sababu upungufu wa oksijeni wake ni upungufu wa oksijeni ya mtoto tumboni. Amoksilini ni salama kwake, doksisaiklini huepukwa.

Mzee na mwenye ugonjwa sugu

Mwili wa mzee hauwashi homa kwa nguvu kama wa kijana. Nimonia yake huanza kwa kuchanganyikiwa, kuanguka, kujikojolea, kukataa chakula au kulala kutwa. Familia hudhani ni uzee, malaria au kiharusi. Mabadiliko ya ghafla ya akili kwa mzee yachukuliwe kuwa ni ugonjwa hadi uchunguzi uoneshe vinginevyo, na pumzi zake zihesabiwe: pumzi za haraka mara nyingi ndiyo ishara ya pekee.

Aliyepata kiharusi huweza kuvuta chakula au mate kuelekea mapafuni. Huyu alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na kinywa chake kisafishwe kila siku. Mwenye kisukari na mnywaji sugu wa pombe wako katika hatari zaidi ya nimonia kali, ikiwemo ya klebsiela. Kwa mwenye kisukari sukari ipimwe siku hiyohiyo, kwani maambukizi huipandisha, na sukari ikipanda, maambukizi huzidi.

Anayeishi na VVU

Nimonia ya bakteria humpata anayeishi na VVU mara nyingi zaidi kuliko wengine, hata kama seli zake za CD4 hazijashuka sana. Seli hizo zikishuka chini ya 200, kifua kikuu na Pneumocystis huingia kwenye orodha ya washukiwa. Nimonia ya Pneumocystis hunyemelea kwa wiki kadhaa: kikohozi kikavu, homa ndogo, uchovu, na pumzi kukatika mgonjwa anapotembea. Picha ya eksirei mwanzoni huweza kuonekana karibu kuwa ya kawaida. Dalili inayosaidia ni kipimo cha oksijeni kinachoshuka mgonjwa anapotembezwa hatua chache, ikiwa ameketi bila shida.

Tiba yake ni kotrimoksazoli kwa siku 21. Kwa mtu mzima hukokotolewa kwa miligramu 15 hadi 20 za trimethoprimu kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara tatu au nne. Mgonjwa ambaye oksijeni yake imeshuka huongezewa prednisoloni tangu mwanzo, kwa kuwa vimelea vinapokufa uvimbe wa mapafu huweza kuongezeka. Kifua kikuu kipimwe sambamba, na dawa za kufubaza VVU zianze ndani ya wiki mbili kwa ambaye hajaanza.

Mwenye selimundu

Kwa mwenye selimundu, homa, kichomi na kupumua haraka huweza kumaanisha nimonia, kuziba kwa mishipa midogo ya mapafu, au yote mawili. Hali hii huua haraka na huhitaji hospitali: oksijeni, antibiotiki, dawa ya maumivu, maji kwa kiasi, na damu inapobidi. Maumivu yasipotulizwa, mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu na pafu huzidi kusinyaa. Wengu wake haulindi mwili ipasavyo dhidi ya nimokoko. Kwa hiyo chanjo, pamoja na penisilini ya kinga katika miaka ya mwanzo, ni sehemu ya uhai wake.

Anayeugua akiwa wodini

Nimonia inayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa mara nyingi huletwa na bakteria waliozoea dawa. Huhitaji antibiotiki tofauti na, inapowezekana, uoteshaji wa vimelea maabara. Kinga yake ni kunawa mikono, kuinua kichwa cha kitanda, kusafisha kinywa cha mgonjwa na kumwamsha atembee mapema.

Tiba isipoleta nafuu

Mgonjwa anayetibiwa ipasavyo huanza kupata nafuu ndani ya saa 48 hadi 72, ingawa kikohozi na uchovu huweza kubaki kwa wiki kadhaa. Nafuu isipoonekana, kubadilisha antibiotiki bila kufikiri ni kosa. Maswali ya kujiuliza ni haya: Je, dawa imemezwa kwa kiwango na muda sahihi? Je, kuna usaha kifuani unaohitaji kutolewa kwa mrija? Je, ni kifua kikuu? Je, mgonjwa anajua hali yake ya VVU? Je, mtoto alipaliwa na punje ya karanga au kitu kingine kilichonasa katika njia ya hewa?

Kwa upande wa mgonjwa, kununua vidonge viwili vitatu vya rangi mbili dukani huficha ugonjwa bila kuuponya na huwazoesha bakteria dawa. Dozi imalizwe, na isigawanywe kwa mwingine nyumbani.

Kinga

Nchini Kenya chanjo ya nimokoko ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2011. Tanzania iliiingiza katika ratiba ya kawaida mwaka 2013, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya pentavalenti humkinga dhidi ya hemofilasi aina ya b na kifaduro, na ya surua humkinga dhidi ya nimonia inayofuata ugonjwa huo. Kadi ya kliniki ikaguliwe kila mtoto anapofika kituoni, hata kama amekuja kwa sababu nyingine.

Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, lishe bora, kunawa mikono, kutovuta sigara karibu na mtoto, na kupikia mahali penye hewa ya kutosha badala ya chumba kilichojaa moshi wa kuni au mkaa, vyote hupunguza nimonia.

Hitimisho

Mtoto wa miezi tisa alihesabiwa pumzi 58 kwa dakika. Hakuwa na dalili ya hatari, akapewa dawa mseto na amoksilini, na mama yake akafundishwa lini arudi. Mzee alikuwa na pumzi 32, hana homa, na akili yake imechanganyikiwa. Kwa alama tatu alipaswa kulazwa siku hiyohiyo. Mwanamke alitembezwa ukumbini na oksijeni yake ikashuka kutoka asilimia 94 hadi 86. Alihitaji kipimo cha VVU, kipimo cha makohozi, kotrimoksazoli na prednisoloni. Katika mfano huu, saa ya mkononi, kipima oksijeni na maswali machache vilitosha kuwatenganisha wagonjwa watatu ambao mfuko mmoja wa vidonge usingewafaa wote.